Gari Katika Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini: Maandalizi na Uendeshaji Salama

Kila mwezi wa Mei unapoelekea ukingoni, wenye magari wa Mbeya, Iringa na mikoa jirani hurudia swali lile lile, kwamba je, gari linahitaji matayarisho ya pekee kwa ajili ya baridi, au hayo ni mambo ya nchi zinazoanguka theluji? Kipupwe, yaani majira ya baridi yanayoanza Juni na kuishia Agosti, hakileti theluji katika barabara za Tanzania, lakini katika jiji la Mbeya, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huleta alfajiri zenye nyuzi chache tu za Selsiasi, na katika uwanda wa Kitulo, unaopita mita 2,600, huleta sakitu, yaani umande ulioganda ukawa barafu nyembamba juu ya majani na vioo vya magari. Huleta pia ukungu mzito katika Mufindi, Isongole na msitu wa Kawetere, na barabara zinazopita humo ndizo hizo hizo zinazoshuka kwa miteremko mirefu kuelekea mabondeni.

Kwa hiyo matayarisho yanahitajika, ila si yale yanayoonyeshwa katika vitabu vya Ulaya. Makala haya yamepangwa kwa kufuata uzito wa hatari: breki kwanza, kisha matairi, kisha kuona, na mwisho shida za kuwasha injini, ambazo husumbua sana lakini ni mara chache zinaua. Mwenye fedha ya kushughulikia jambo moja tu mwezi huu aanze na la kwanza.

Breki na miteremko

Gari linaloteremka Kitonga, katika Wilaya ya Kilolo, au linaloshuka Iwambi kuelekea Mbalizi, hubadilisha nguvu yote ya mwendo wake kuwa joto, na joto hilo huishia katika pedi, diski na mafuta ya breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri maji yanavyozidi ndani yake ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, ilhali yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ya daraja la DOT 4 huanzia nyuzi 230 na kushuka hadi 155. Yanapochemka hutoa viputo vya mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Hii ndiyo sababu breki zilizokuwa nzima mjini Iringa asubuhi zinaweza kukataa katikati ya mteremko saa chache baadaye.

Kabla ya Juni, fundi aombwe afanye haya, na mwenye gari awepo akishuhudia:

- Afungue magurudumu yote manne na kupima unene wa pedi za mbele na viatu vya breki za nyuma; pedi iliyobaki na milimita 3 au pungufu ibadilishwe, hata kama haijaanza kulia.
- Abadilishe mafuta yote ya breki ikiwa yamepita miaka 2, badala ya kuongeza kidogo juu ya yale yaliyokwisha kuwa meusi.
- Akague mipira ya breki kama ina nyufa au imevimba, hasa ile inayoelekea gurudumu.
- Ajaribu breki ya mkono kwenye mwinuko wa kweli, kwa kuwa uwanja tambarare wa gereji hauthibitishi lolote.

Msomaji anaweza kusema kwamba gari lake limekaguliwa na lina stika ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Stika hiyo inaeleza hali ya gari siku ya ukaguzi, ilhali pedi huendelea kuisha kila siku inayofuata.

Hata breki mpya hushindwa ikiwa dereva anaitegemea peke yake. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori bado inafaa kwa gari dogo, kwamba mlima hushukwa kwa gia ambayo ingetumika kuupanda. Gia hiyo iingizwe kabla mteremko haujaanza, kwa sababu kuitafuta gari likiwa limeshika kasi ni vigumu na kunaweza kuliacha bila gia yoyote. Mwenye gari la otomatiki, yaani linalobadili gia lenyewe, asidhani kwamba kanuni hii haimhusu: azime O/D kwa kitufe chake, ili gari lisitumie gia ya juu kabisa, na mteremko ukizidi alishushe rungu la gia hadi 2 au L. Injini itanguruma zaidi kuliko kawaida, na ngurumo hiyo haina madhara mradi mshale wa mizunguko haujafika eneo jekundu.

Makosa yanayorudiwa zaidi ni haya:

1. *Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta.* Katika magari yenye mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta, injini iliyo kwenye gia hukatiwa mafuta kabisa mguu unapoondolewa kwenye pedali ya mafuta, ilhali ile iliyo huru huendelea kunywa ili isizimike. Anayeteremka huru hapotezi usalama tu, bali hapati hata akiba aliyoitafuta.
2. *Kuzima injini mlimani.* Kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki hutegemea injini inayozunguka, na usukani nao huwa mzito au hata hujifunga ufunguo ukirudishwa nyuma mno.
3. *Kuegemeza mguu kwenye breki tangu juu hadi chini.* Ni afadhali kukanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kupunguza mwendo waziwazi, kisha kuachia breki zipoe.
4. *Kumwagia maji magurudumu yanayotoa moshi.* Diski yenye moto mkali ikimwagiwa maji baridi hupinda au kupasuka. Ipozwe na hewa, gari likiwa limesimama pembeni kwa nusu saa au zaidi, magurudumu yakiwa yamewekewa vigingi na breki ya mkono ikiwa imeachiwa.

Pedali ikianza kuzama, dereva aipampu upesi mara kadhaa, ashushe gia moja baada ya nyingine, kisha avute breki ya mkono pole pole huku akiishikilia isijifunge ghafla. Ikilazimu kuliegemeza gari mahali, liegemezwe ukuta wa mlima, kamwe lisielekezwe upande wa bonde.

Matairi

Swali la kama gari la Mbeya linahitaji matairi ya theluji lina jibu fupi: halihitaji, na mengi yaliyopo yangefaa kuondolewa. Magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, na matairi ya mitumba yanayouzwa kandokando ya barabara kuu, mara nyingine huwa na matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi ya huko, ambayo hutambulika kwa neno STUDLESS au kwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mpira wa matairi hayo umelainishwa ili usikakamae kwenye barafu, na ulaini huo huo, juu ya lami ya joto ya Ruaha Mbuyuni au Igawa, huyafanya yaishe haraka na kulichelewesha gari kusimama. Muuzaji husifu ulaini huo, na mnunuzi asiyejua huona ni mshiko mzuri wakati sivyo.

Mambo manne ya kuangalia ni haya:

- Upepo. Hewa husinyaa inapopoa, na kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 tairi la gari dogo hupungua karibu psi 2, psi ikiwa ndicho kipimo cha mgandamizo kinachosomwa kwenye geji za upepo nchini. Tairi lililojazwa saa nane mchana kwenye jua la Makambako haliko vile vile saa kumi na moja alfajiri. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Anayepanda kutoka Dar es Salaam asibashiri, kwa kuwa baridi hushusha kipimo huku mwinuko ukikipandisha kidogo. Apime upya akifika.
- Kashata. Vina vya mifereji ya tairi visipungue milimita 3, ingawa nchi nyingi huruhusu hadi 1.6, kwa sababu mifereji ndiyo inayotoa maji kati ya mpira na lami.
- Umri. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka 6 likaguliwe kwa mashaka hata kama linang'aa.
- Spea. Ipimwe pamoja na mengine. Pancha ya usiku Nyololo ikikutana na spea isiyo na upepo humlaza msafiri njiani.

Kuona na kuonekana katika ukungu

Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani, na kila tone hurudisha mwanga lilioupokea. Kwa sababu hiyo dereva anayewasha taa kali, zile ziitwazo fuli, hujijengea ukuta mweupe mbele ya macho yake, kisha huwasha zaidi akidhani mwanga hautoshi. Zitumike taa za chini, pamoja na taa za ukungu ikiwa gari linazo, ambazo huwekwa chini ya bampa ili mwanga upite chini ya ukungu na kuimulika lami.

Jambo la pili linaloleta ubishi ni taa za dharura, yaani hazadi. Wengi huziwasha huku wakiendelea kutembea, kwa nia njema ya kuonekana. Tatizo ni kwamba katika magari mengi taa hizo hutumia balbu zile zile za indiketa, hivyo anayefuata nyuma hawezi kujua kama aliye mbele anataka kukata kulia, wala hawezi kutofautisha gari linalokwenda na lile lililokwama katikati ya njia. Hazadi iachwe kwa gari lililosimama.

Kuhusu mwendo, sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973 na marekebisho yake imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, lakini huo ni ukomo wa hali nzuri. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na litahitaji karibu mita 60 kusimama kwenye lami kavu dereva akiwa macho, na zaidi sana lami ikiwa imelowa. Anayeona mita 30 tu mbele yake kati ya Mafinga na Nyololo, na bado anakwenda 80, amekwisha kuligonga lori lililoharibika, isipokuwa bado hajalifikia. Mwendo usizidi ule unaoruhusu kusimama ndani ya umbali unaoonekana, hata ukiwa kilomita 20 kwa saa, na asiyeona kabisa atoke nje ya lami badala ya kusimama ndani ya njia.

Ukungu wa ndani ya kioo nao ni adui wa pekee, kwa kuwa pumzi za abiria hukutana na kioo baridi na kugeuka maji. Kukifuta kwa kiganja huacha mafuta yanayozidisha shida. Kiyoyozi kiwashwe pamoja na hewa ya moto, mlango wa hewa ukifunguliwa kuingiza hewa ya nje. Wengi huona ajabu kuwasha kiyoyozi wakati wa baridi, lakini kazi yake hapa ni kuikausha hewa, na kioo huwa safi baada ya muda mfupi. Raba za waipa zilizokauka kwa jua la Oktoba na Novemba zibadilishwe, na vioo vya taa vilivyofifia kwa uchakavu vipigwe msasa laini na kung'arishwa.

Kioo kilichoshika sakitu kisimwagiwe maji ya moto, kwani kinaweza kupasuka. Kikwanguliwe kwa kadi ya plastiki, au kifunikwe kwa boksi lililokunjuliwa tangu usiku.

Kuwasha gari alfajiri

Kwenye baridi karibu na sifuri betri hupoteza kati ya robo na thuluthi ya nguvu yake, wakati huo huo mafuta ya injini yakiwa mazito na injini ikihitaji nguvu zaidi kuzunguka. Betri iliyochoka inayolivumilia joto la Morogoro hukataa Uyole kwa sababu hiyo. Fundi umeme apime kwa mita, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni iliyobaki na nusu. Injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, kikiwa chini yake, kosa liko kwenye alteneta au mkanda wake, na kununua betri mpya ni kutupa fedha. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi.

Kuazima moto kwa gari jingine kufuate mpangilio huu:

1. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima.
2. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi inayotoka humo.
3. Baada ya kuwaka, waya zitolewe kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Katika mafuta ya injini, maandishi kama 5W-30 au 20W-50 yana herufi W inayowakilisha majira ya baridi, na namba inayoitangulia ikiwa ndogo, mafuta hutiririka upesi zaidi injini ikiwa baridi. Mazoea ya kuweka 20W-50 katika kila gari, eti kwa sababu ni mazito na yanalinda, hayafai kwa injini ndogo za kisasa; kifuatwe kitabu cha gari. Baada ya kuwasha, nusu dakika hadi dakika moja inatosha, kisha gari liendeshwe taratibu hadi lipate moto. Kulingurumisha robo saa likiwa limesimama huchoma mafuta bure. Gari la dizeli lisubiriwe hadi taa yenye umbo la springi izimike kwenye dashibodi, kwani ndiyo ishara kwamba plagi za kupashia moto zimemaliza kazi.

Yako mazoea ya gereji ambayo yanastahili kupingwa waziwazi, nayo ni kung'oa themostati. Themostati ni kizibo kinachofunguka chenyewe maji ya injini yanapofika karibu nyuzi 82, na gari linapochemsha mafundi wengi huiondoa badala ya kutafuta sababu. Injini isiyo na themostati katika baridi ya Mafinga haifikii joto lake, hunywa mafuta mengi, huisha mapema, na haitoi hewa ya moto ya kukausha kioo. Irudishwe. Katika rejeta iwekwe kulanti, ambayo huzuia maji kuganda na kutu kuota, badala ya maji matupu yanayoweza kuganda gari likilala Kitulo. Mfuniko wa rejeta nao uwe mzima, kwa sababu kwenye mwinuko wa Mbeya maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100, na ni mgandamizo wa mfuniko huo unaopandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20 ili injini isichemshe kwenye kona za Chimala kwenda Matamba.

Onyo kuhusu kulala ndani ya gari

Lori moja likikwama Kitonga, foleni huweza kudumu hadi usiku, na abiria hushawishika kufunga vioo na kuacha injini ikiunguruma, au dereva wa lori huingiza jiko la mkaa kibandani. Yote mawili hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asioamka. Injini izimwe, jiko libaki nje, na baridi izuiwe kwa blanketi. Kwa hiyo gari libebe:

- blanketi, maji ya kunywa na chakula kikavu;
- tochi yenye betri nzima, fulana inayong'aa na pembetatu za tahadhari;
- jeki, spana ya magurudumu na vigingi viwili vya mbao;
- waya za kuazimia moto na kamba ya kuvutia, hasa kwa anayeingia barabara za udongo za Makete, Mufindi au Rungwe, ambako mvua husumbua hata wakati wa kipupwe.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe jioni kabla ya safari, na anayeweza kuondoka saa tatu asubuhi ukungu ukiwa umepanda asiondoke saa kumi na moja.

Wenye magari yanayoharibika njiani huweka matawi na mawe kwenye lami ili kuwaonya wengine, na desturi hiyo imeokoa wengi pale ambapo pembetatu haipo. Katika ukungu, hata hivyo, matawi yawekwe mbali zaidi, hatua 100 au zaidi nyuma ya gari, na kabla ya kona badala ya baada yake. Gari likishatengenezwa, kila jiwe liondolewe barabarani kabla ya ufunguo kugeuzwa, kwa kuwa anayekuja nyuma kwenye ukungu hataliona.